Siri ni ya Mtu, Ugonjwa Hauna Siri: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma

Maswali haya, kuhusu haki na siri za mtu pale hatua za afya ya jamii zinapochukuliwa, yanarudi kila mahali tunapokaa na watu: mikutano ya mitaa ya Chang'ombe na Nkuhungu, mabenchi ya kusubiria daktari, vijiji vya Chamwino, Bahi na Kongwa. Tumeyaacha karibu na yalivyoulizwa. Majibu ni maelezo ya jumla. Mwenye kesi yake amwone wakili au msaidizi wa kisheria.

## Mambo ya msingi

1. Ugonjwa wa mlipuko ukiingia, haki zangu zote zinasimama?

Hazisimami. Katiba ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa mtu kwenye Ibara ya 15, maisha yake binafsi, familia na maskani yake kwenye Ibara ya 16, na uhuru wa kwenda atakako kwenye Ibara ya 17. Ibara ya 30 inakubali haki hizo ziwekewe mipaka, na afya ya jamii imetajwa humo waziwazi kama mojawapo ya sababu. Kwa hiyo anayesema "Katiba hairuhusu karantini" amekosea, na anayesema "kukiwa na ugonjwa hakuna haki" amekosea vilevile.

Hali ya hatari ni jambo jingine kabisa. Hiyo hutangazwa na Rais chini ya Ibara ya 32. Mwezi Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, shule zilifungwa na mikusanyiko ikazuiwa bila hali ya hatari kutangazwa. Hatua za afya huendeshwa kwa sheria za kawaida, hasa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009, na sheria ya kawaida inahojiwa mahakamani kama nyingine yoyote.

2. Nitajuaje kwamba hatua fulani imezidi?

Mwaka 1984 wataalamu wa sheria walikutana Siracusa, Italia, wakaandika kanuni ambazo mpaka leo ndizo hutajwa duniani kwenye mijadala ya namna hii. Kwa lugha ya barazani, zinataka amri itoke kwenye sheria, iwe na lengo la kweli la kiafya, iwe ya lazima kwa lengo hilo, isichukue zaidi ya inachohitaji, na isibague.

Sisi tunaongeza swali moja ambalo watu husahau kuuliza siku ya kwanza: itaisha lini? Soko likifungwa kwa kipindupindu, ijulikane litafunguliwa kwa kigezo gani. Daftari la majina likifunguliwa getini, ijulikane litachomwa lini na nani. Katika malalamiko tuliyosikia, machache yanahusu hatua ilivyoanza. Mengi ni ya hatua ambayo ugonjwa umeshapita na yenyewe ipo tu, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi ya kuiondoa.

3. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuamuru nisitoke ndani?

Kwa mamlaka yake peke yake, hapana. Amri ya kumtenga mtu au kumweka karantini ni ya wataalamu wa afya waliopewa mamlaka na sheria. Mwenyekiti, balozi na mtendaji wa kata huwasindikiza, huwaonesha nyumba na husaidia kuelewesha watu, na hiyo si kazi ndogo. Mkija kugongewa mlango, muulizeni afisa afya kitambulisho chake, na muulize amri inatoka wapi. Ulizeni kwa adabu. Afisa wa kweli hakasirikii swali hilo.

4. Bwana afya ana haki ya kuingia kukagua choo changu?

Ndiyo, muda wa kawaida wa kazi, akijitambulisha na akisema anakagua nini. Ukaguzi wa choo ni wa choo. Haumpi ruhusa ya kufungua kabati la chumbani wala kupiga picha za watoto wako.

## Karantini na kutengwa

5. Kutengwa na karantini si kitu kimoja?

Anayetengwa ni mgonjwa, au mtu mwenye dalili. Anayewekwa karantini ni mzima aliyetangamana na mgonjwa, akisubiriwa kuonekana kama ameambukizwa. Tofauti hii ina uzito: mtu wa karantini hajaugua, hana kosa, na hapaswi kulazwa chumba kimoja na wenye dalili. Mkichanganywa, hapo mna haki ya kulalamika siku hiyohiyo (swali la 18).

6. Kwa nini husemwa siku 21? Kwa nini isiwe wiki moja?

Kila ugonjwa una muda wake wa kujificha mwilini kabla ya kuonesha dalili. Kwa Marburg na Ebola, waliotangamana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21. Kipindupindu hujitokeza ndani ya saa chache hadi siku tano, hivyo kumfungia mtu wiki tatu kwa sababu ya kipindupindu hakuna maana. Ukiambiwa idadi ya siku, uliza ni ya ugonjwa gani. Kama aliyekuambia hawezi kutaja ugonjwa, idadi hiyo ameitoa hewani.

7. Nikiwekwa karantini, nani ananilisha?

Hapa ndipo mambo yanapokwama. Mwaka 2020 wasafiri walioingia nchini kutoka nchi zenye maambukizi waliwekwa karantini siku 14 kwa gharama zao wenyewe. Mtu aliyeshuka kwenye ndege huenda akaimudu hoteli. Mwenye genge pale Sabasaba, anayenunua unga wa leo kwa mauzo ya leo, hawezi.

Kwa maoni yetu, karantini isiyo na chakula haidumu hata siku tatu. Mtu atatoka usiku kwenda kutafuta ugali, na atakayemlaumu hajawahi kulala na watoto wenye njaa. Mkikaa na uongozi wa kata kabla ya hatua kuanza, dai la kwanza liwe chakula, maji na dawa za magonjwa mengine mliyonayo, mathalani kisukari au presha. Dai la pili ni simu iwe na chaji, maana mtu aliyekatiwa mawasiliano na ndugu zake huamini kila uvumi. Mjue pia ni nani anakuja kuwapima joto na saa ngapi. Barua kwa mwajiri nayo iombwe mapema; iseme tu kwamba ulizuiliwa na mamlaka ya afya kuanzia tarehe fulani hadi fulani. Jina la ugonjwa si lazima liandikwe.

8. Na nikikataa?

Kukaidi amri halali ya afya ni kosa. Ukiona amri si halali, njia ya busara ni kuitii kwa sasa huku ukiipinga: andika jina la aliyeitoa, tarehe na saa, kisha peleka lalamiko. Kutoroka kunakugeuza kuwa kesi ya polisi, na swali lako la msingi halitasikilizwa tena.

## Vipimo, chanjo na kingatiba

9. Mimi ni mama lishe. Nikienda kupima afya kwa ajili ya kibali, wanaweza kunipima na VVU?

Si bila ridhaa yako. Wanaoshika chakula cha kuuzwa hupimwa kwa ajili ya magonjwa yanayoweza kupita kwenye chakula au kuambukiza wateja kwa ukaribu: homa ya matumbo, minyoo, vidonda vya ngozi, kifua kikuu. VVU haviambukizwi kwa wali na maharage. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka kipimo kiwe cha hiari, ukiacha mazingira machache kama amri ya mahakama, mtu anayetoa viungo au damu, na makosa ya kujamiiana.

Kuna jambo dogo linalopitwa: cheti unachobandika ukutani mwa banda kinatakiwa kusema unafaa kufanya kazi au hufai, basi. Ukiona kimeorodhesha vipimo na majibu, rudi ukaombe kingine. Mteja anayekuja kula chapati hana shida na choo chako cha wiki iliyopita.

10. Nimepima, nimekutwa na VVU. Nani mwingine ataambiwa?

Majibu ni siri. Sheria inataja wachache wanaoweza kupewa: mzazi au mlezi kwa mtoto, mume, mke au mwenza, na mahakama. Mwenyekiti, mchungaji, shehe, mwajiri na mama mwenye nyumba hawamo. Wewe mwenyewe, kwa sheria hiyohiyo, una wajibu wa kumwambia mwenza wako bila kuchelewa, na kuambukiza kwa makusudi ni jinai.

Tunajua kusema ni rahisi kuliko kutenda, hasa kwa mwanamke anayehofia kufukuzwa. Mwambie mshauri nasaha hofu hiyo kabla ya mwenza kuitwa. Wana namna ya kuwaita wote wawili kupima upya kama wanandoa, majibu yakatolewa hapo, bila kutajwa nani alitangulia.

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, na kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi. Wazazi wengi hukasirika wakisikia hili. Lakini kijana aliyeogopa kupima kwa sababu ya baba yake bado anaumwa, na baba hajui.

11. Walipokuja kuchanja polio waliandika kwa chaki mlangoni. Je, huko si kunitangaza?

Alama ile ni ya timu ya uchanjaji: tarehe ya kupita na hesabu ya watoto, ili timu ya pili isirudie nyumba wala kuiruka. Kampeni za nyumba kwa nyumba za mwaka 2022 zilikuja baada ya kirusi cha polio kuonekana Malawi mwezi Februari mwaka huo, na matone yalikuwa kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Chaki haisemi nani mgonjwa. Kampeni ikipita, futa.

Hata hivyo wasiwasi wenyewe haukuwa wa kijinga. Tungekuwa na shida kubwa kama nyumba ya mgonjwa wa kifua kikuu ingewekewa alama inayosomeka na kila mpita njia.

12. Kingatiba ya vikope (dawa ya kukinga ugonjwa wa macho, trakoma) inatolewa kwa kijiji kizima, hata sisi wazima. Ni lazima?

Si lazima, ni kwa hiari. Kongwa na maeneo mengi ya Dodoma yameteswa na vikope kwa vizazi, na bibi wengi wa huku wamepoteza macho kwa kope zilizogeukia ndani. Dawa hupewa wote kwa sababu vimelea hukaa kwa watoto wasioonesha dalili na kusambazwa na mikono, nguo na inzi. Ukikataa, jina lako halipaswi kusomwa mkutanoni. Mtoa dawa anaandika kwamba hukumeza, anaendelea na safari.

Chanjo ya korona nayo, tangu ilipozinduliwa Julai 2021, ilitolewa kwa hiari. Chanjo za watoto shuleni, mathalani ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, mzazi aulize mwalimu mapema ni siku gani na chanjo gani. Kutaarifiwa ni haki yako.

## Majina, madaftari na simu

13. Kwa nini watu wa Dodoma mjini wenye VVU wanachukulia dawa zao Morogoro au Singida?

Kwa sababu ya benchi. Kliniki ya tiba na matunzo mara nyingi ina mlango wake, siku zake na rangi ya kadi yake. Huhitaji kusoma faili la mtu. Ukimwona amekaa pale Jumanne asubuhi, umeshajua. Daftari likifungwa kwa kufuli tatu na benchi likabaki barazani, siri imetoka.

Matokeo yake ni nauli, na nauli ikikosekana ni dozi iliyorukwa, na dozi zikirukwa virusi huongezeka mwilini na kuweza kuambukizwa kwa mwingine. Kwa hiyo tunapoambiwa faragha ya mtu mmoja inagombana na afya ya wengi, tunataja benchi hili. Hapa faragha ilipokosekana, afya ya wengi ndiyo iliyolipa. Vituo vilivyochanganya wagonjwa wote kwenye foleni moja, au vinavyotoa dawa za miezi kadhaa kwa mara moja kwa walio imara, vimepunguza safari hizi bila kutunga sheria yoyote mpya.

14. Taarifa zangu zikiingizwa kwenye kompyuta ya hospitali, ni za nani?

Karatasi au mfumo ni wa hospitali. Taarifa zinakuhusu wewe, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, lenye masharti makali zaidi. Una haki ya kujua zinakusanywa kwa lengo gani, kuziona, na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Anayezikusanya anapaswa kuwa amesajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kituo cha afya kuripoti mgonjwa wa kipindupindu kwenye mamlaka ni wajibu, na ridhaa yako haihitajiki. Lakini taarifa inapopanda kutoka wilayani kwenda juu, mara nyingi kinachohitajika ni umri, jinsia na kata. Jina lako linabaki kwa wanaokufuatilia.

15. Wakileta programu ya simu ya kufuatilia maambukizi, niipakue?

Kwanza soma inachukua nini na nani mwingine anaweza kuomba. Singapuri ilianzisha programu ya namna hiyo mwaka 2020 na wananchi wakaambiwa ni kwa korona tu. Januari 2021 serikali yao ikakiri kwamba polisi wanaweza kuzitumia taarifa hizo kwenye upelelezi wa jinai. Mwezi uliofuata wakatunga sheria ya kubana matumizi hayo yabaki kwa makosa mazito yaliyotajwa. Sheria hiyo ilitakiwa itangulie programu.

Na huku kwetu, ambako wengi vijijini wana simu ya kitochi, programu peke yake ingewaacha nje watu wale wale wanaohitaji kufikiwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye baiskeli bado anafika mbali zaidi.

16. Nimepiga video mgonjwa akianguka stendi ya Nanenane. Nikiirusha kwenye kundi la WhatsApp nina kosa?

Usiirushe. Umeonesha sura ya mtu na hali yake ya afya bila ridhaa, na ukiweka maneno "huyu ana Marburg" bila kipimo, unajiingiza pia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inayohusu taarifa za uongo. Huenda ni kifafa. Huenda hakula tangu Dar. Kama unataka kusaidia, nenda swali la 19.

## Mambo magumu zaidi

17. Kama siri ya mgonjwa ni muhimu hivyo, serikali nayo ina haki ya kunyamaza kuhusu mlipuko?

Haya ni mambo mawili na watu huyachanganya, wakati mwingine kwa makusudi. Jina la mgonjwa ni lake. Kuwepo kwa ugonjwa, mahali ulipo, idadi ya walioambukizwa na namna unavyosambaa ni mali ya umma, kwa sababu bila hayo mtu hawezi kujikinga.

Takwimu za korona zilisimama mwaka 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kimya kilichofuata kikajazwa na uvumi. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa tarehe 14 Januari kuhusu wahisiwa wa Marburg mkoani Kagera. Wizara ikasema sampuli hazikuwa na kirusi. Tarehe 20 Januari Rais Samia, akiwa na mkuu wa shirika hilo, Tedros Ghebreyesus, hapahapa Dodoma, akatangaza kuwa mgonjwa mmoja amethibitika Biharamulo. Mlipuko huo ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi. Katika siku zile mtu wa Dodoma mwenye ndugu Biharamulo alihitaji kujua asafiri au la. Hakuhitaji jina la mgonjwa.

Mfano wa karibu zaidi ni mwaka 2016, Chemba, Kondoa na Kiteto, watu walipougua na kufa kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukujulikana. Uchunguzi ulionesha ni sumukuvu kwenye mahindi. Haukuwa ugonjwa wa kuambukizana hata kidogo. Kumkimbia jirani aliyeugua kusingemwokoa mtu yeyote. Kilichotakiwa kujulikana haraka ni ghala. Mahindi yakikamatwa na kuteketezwa, mwenye nayo aandikishwe kilo ngapi na apewe nakala, maana hapo haki inayoguswa ni ya mali.

18. Siri yangu imevuja, au nimeshikiliwa bila sababu. Niende wapi?

Anza na mganga mfawidhi wa kituo, kwa maandishi, ubaki na nakala yenye muhuri. Akinyamaza, nenda kwa mganga mkuu wa wilaya au wa jiji. Daktari au muuguzi aliyevujisha hushtakiwa kwenye baraza la taaluma yake. Kwa taarifa zilizokusanywa au kusambazwa isivyo, kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kwa kutendewa vibaya na chombo cha serikali, Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Haki ya kikatiba ikivunjwa, Ibara ya 30 inakupa mlango wa Mahakama Kuu.

Usiye na fedha, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii.

Mazishi huleta malalamiko mengi hapa. Kwa magonjwa kama Marburg, mwili wa marehemu bado unaambukiza, hivyo kuosha na kugusa huzuiwa, na hilo halina mjadala. Mnachoweza kudai ni kuwepo umbali salama, sala yenu kusomwa, kujua kaburi liko wapi, na marehemu kutajwa kwa jina lake. Timu nzuri huyapanga haya na wazee wa ukoo kabla ya jeneza kufika.

19. Nikitoa taarifa ya ugonjwa wa ajabu mtaani, watajua ni mimi?

Piga 199, bila malipo. Sema unachokiona: dalili, ni wangapi, wameanza lini, mtaa na kata. Usitaje ugonjwa kama hujui. Mwambie anayepokea kwamba hutaki jina lako lifike mtaani, halafu acha simu wazi, kwa sababu timu ikipotea njia kule Mkonze usiku itakutafuta wewe.